Mama Shibiri na Mwizi wa Majani

Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho. Mtaani wote humwita Mama Shibiri, kwa sababu ya kijiti chake. Kina urefu wa shibiri moja, kimelainika kwa kushikwa, naye hukitumia kupimia majani ya ng'ombe: ukikata, usishuke chini ya kijiti. Ukishuka, unakata na ya kesho.

Alianza na ndama kilema, aliyempata kwa kubadilishana na cherehani yake. Aliyempa ndama yule alicheka njia nzima akirudi kwake. Leo Mama Shibiri ana ng'ombe watano wa maziwa, ardhi hana hata kipande, na kile kicheko hajakisahau. Ndiyo maana akipewa kitu kwa tabasamu hukigeuza kwanza, aone upande wa chini una nini.

Msimamizi wa shamba la michikichi alimpa nafasi kati ya miti yake, kwa tabasamu. "Mama, miti yangu bado midogo na magugu yananitesa. Panda majani ya ng'ombe wako, yale yanayovumilia kivuli. Miaka minne, kodi sitaki. Niletee samadi tu, uweke kwenye mashina."

"Kodi hutaki?"

"Sitaki."

"Hata kidogo?"

"Sasa mama, nikulazimishe?"

Majani ya tembo hutaka jua, kwa hiyo alipanda yale mapana aliyopewa mbegu na afisa mifugo. Yakashika. Magugu yakakosa pa kuota, ng'ombe wakashiba, miti ikanawiri. Miaka mitatu alitafuta kasoro asiione, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi.

Mwaka wa nne mizigo ya majani ikaanza kupungua. Sehemu iliyokuwa ikitoa mizigo kumi na miwili kwa siku ikatoa kumi, kisha tisa, kisha saba. Maziwa nayo yakashuka. Mkataba ulikuwa umebakiza mwezi mmoja, na bila majani yale ingebidi auze ng'ombe wawili. Naye alijua kwamba ng'ombe anayeuzwa kwa njaa huuzwa kwa bei ya mifupa.

Akaamini anaibiwa. Akaenda kukagua visiki. Mwizi ana haraka, hukata hadi kwenye udongo. Hapa kila kisiki kilikuwa shibiri kamili. Basi mwizi huyu alizoea kukata kwa kijiti. Na mbali na Mama Shibiri mwenyewe, aliyezoea hivyo alikuwa mtu mmoja tu: mdogo wa marehemu mumewe, mkata majani wake wa miaka yote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akamvaa bandani. "Shemeji, majani yanakwenda wapi?"

"Tumboni mwa ng'ombe, shemeji. Kisha wewe unayarudisha shambani kwa toroli."

"Sikuulizi mzaha."

Shemeji akaweka panga chini polepole. "Kumbe ni mimi? Wewe, shemeji, hata ng'ombe wakicheua unadhani wanakusengenya."

"Wanaocheua sina shida nao. Naulizia wanaokata."

"Basi kesho kata mwenyewe." Akaondoka, panga akaliacha palepale.

Mama Shibiri akakata mwenyewe, mgongo ukamwambia umri wake. Mistari sita ya majani hakuigusa. Aliizungushia uzi mwekundu wa kushonea, shina kwa shina, ili panga likipita tu uzi ukatike. Siku ya kumi akarudi. Uzi ulikuwa mzima, wote. Hapakuwa na mkono uliopita. Na bado majani yalikuwa machache, yamepauka, membamba kama nywele za mgonjwa.

Isipokuwa mahali pamoja. Pale mchikichi mmoja ulipigwa radi ukang'olewa, na majani yalimfika kiunoni, uzi umezama ndani hauonekani. Mama Shibiri akasimama hapo, jua likampiga utosini. Akatazama juu: mbingu. Akasogea hatua nne, akatazama tena: makuti yamekutana, yameshikana kama vidole.

Kuvumilia kivuli si kuvumilia giza.

Na makuti yale yalinenepeshwa na nani? Toroli baada ya toroli, samadi kwenye mashina, miaka minne. Mama Shibiri ndiye aliyekuwa amemlisha mwizi, kwa mikono yake. Na msimamizi, aliyepanda michikichi tangu hajaota ndevu, hakukosa kujua.

Alimkuta ofisini, chini ya feni, mkataba uko mezani tayari. "Karibu mama. Minne mingine, masharti yaleyale." Na tabasamu lilelile.

"Ulijua makuti yatakutana."

"Mama, miti hukua. Hiyo nayo ni siri?"

"Hukusema."

"Hukuuliza."

Hapo akamheshimu kidogo. Jibu hilo hata yeye angelitoa.

Akaenda kwenye ramani ya shamba ukutani, akagusa kona moja kwa kijiti. "Huku kwenye miche ya mwaka jana nimepita asubuhi. Magugu yameimeza. Nipe huku. Na miaka usiandike."

"Niandike nini?"

"Nafasi ya mbingu kati ya mstari wa miti na mwingine ikibaki hatua tatu, unanihamishia kwenye miche mingine. Samadi inakwenda nilipo. Kule kwa zamani nakata kilichobaki, lakini toroli haliendi."

Tabasamu likamtoka. Msimamizi akachukua kalamu. "Hatua tatu za nani?"

"Zako. Zangu fupi."

Akaandika. Mama Shibiri akasoma mara mbili, akageuza karatasi, akasoma na nyuma palipokuwa patupu.

Jioni alimfuata shemeji yake nyumbani kwake.

"Mwizi umempata?" shemeji aliuliza bila kunyanyuka.

"Nimempata. Ni kivuli. Na samadi yangu ndiyo iliyomnenepesha."

"Mimi je?"

Kuomba radhi hakukujua vizuri. Alimpa panga lake, limenolewa hadi linang'aa. "Kesho saa kumi na mbili. Tunaanza kupanda upya kwenye miche."

Shemeji akalipokea, akapitisha kidole kwenye makali. Kisha akaligeuza, akakagua upande wa pili.