Waalikwa wa Harusi ya Kwanza

Nilitaka harusi ya watu thelathini. Mimi na mchumba wangu tulikuwa tunafanya kazi Nairobi, mishahara yetu ndiyo kwanza inaanza, na wote wawili tulichoka na harusi za ukumbini ambazo bibi na bwana harusi huwekwa jukwaani kama vyombo vya dukani. Tukaamua kushuka Mombasa. Nikahi isomwe msikiti wa mtaa baada ya alasiri, wanawake wakae orofani katika nyumba ya marehemu bibi, kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, pilau ipikwe uani, sinia na mikeka tuazime kwa majirani. Nyumba ilikuwa ya bure. Hiyo ndiyo hoja niliyompa kila aliyeuliza kwa nini pale.

Hoja ya pili sikuisema. Katika chumba cha mbele cha nyumba ile, mwanzoni mwa miaka ya themanini, dada yangu mkubwa alikufa kitandani kwa homa siku ambayo angetiwa hina. Mimi nilikuwa mtoto. Wanawake walioalikwa harusi walipanda ngazi zile zile, wakaikalia kwa matanga mikeka iliyotandikwa kwa ngoma. Bakuli la hina lilibaki dirishani mpaka likakauka, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua nani ana haki ya kulimwaga. Baada ya hitima mama alihamia mtaa wa Majengo, na hakupanda ngazi zile tena. Alipotaka kumwona bibi, bibi aliteremshwa barazani. Hata siku bibi alipokufa, mama alimlilia akiwa kichochoroni.

Niliona harusi yangu itamrudisha. Chumba ni mawe, chokaa na boriti, nilimwambia, jikoni kwake, akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakina kumbukumbu. Sisi ndio tunaokibebesha.

Akaniuliza pilau itapikwa na nani.

Mama mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi mle, alinishauri niende mwenyewe kwa majirani, niwaeleze kwa adabu kwamba safari hii tunaalika jamaa tu. Nikaanza na bibi wa nyumba inayotazamana na yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mdomo umejaa tambuu.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulikwisha kualikwa."

Nikamwambia bado, mwanamke wa kualika nyumba kwa nyumba hajatoka. Akanieleza, taratibu, kama anayemfahamisha mgeni, kwamba alitoka zamani. Alisimama pale pale mlangoni, akawaalika harusi ya nyumba ile, nao wakaitikia. Walipokuja wakakuta msiba. Mwaliko haukuondolewa na mtu. Leso aliyoinunua kwa siku ile bado anayo.

"Yake imekuwa tambara la jikoni," jirani mwenzake akadakia kutoka dirisha la juu. "Yangu ndiyo mpya."

"Mpya kwa kuwa haikuzunguki tena."

Walicheka, nami nikacheka nao. Lakini tangu siku hiyo sikuweza kuitazama harusi yangu kama yangu. Mchana, tukifagia chumba cha mbele, nilihisi kimejaa watu waliokaa kimya kwa heshima, wanangoja kuhudumiwa. Nilijiambia ni jua linalopita kwenye mbao za dirisha. Hata hivyo swali halikuniacha: watu wakialikwa, na harusi isiwepo, mwaliko huenda wapi? Nikaenda Marikiti kuongeza mchele. Mchumba wangu aliponipigia simu akauliza thelathini wangu wamezaaje, nikamwambia mchele ulikuwa rahisi; jibu la kweli mtu mwenye shahada asingelitamka bila kuona haya.

Siku zilipokaribia nilimwuliza mama waziwazi kama atakuja.

"Mimi sijaalikwa," akasema.

Nilidhani ananichokoza. Nikamwambia mama wa bibi harusi haalikwi, yeye ndiye anayealika.

"Ile ya kwanza nilialika mimi. Nilimtuma mtu nyumba kwa nyumba. Nikawaita watu wote wale, wakaja kumzika mwanangu. Sialiki tena mtu nyumba ile."

Majibu nilikuwa nayo mengi. Nikayameza, nikarudi kichochoroni kumwomba mama mdogo awe yeye mwenye shughuli, na mwanamke wa kualika aanzie Majengo.

"Nimwalike dada yangu harusi ya mwanawe? Watu watatucheka."

"Na wacheke."

Mwanamke yule alifika kwa mama kesho yake, nami nikasimama nyuma ya pazia. Alitoa salamu za wenye nyumba, akasema wanamwomba aje ale nao pilau Ijumaa baada ya alasiri. Mama alisikiliza kama anayepokea habari za watu asiowajua.

"Na mgeni akitaka kuondoka mapema?"

"Huondoka. Mgeni hazuiwi."

"Waambie nimesikia," akasema.

Ijumaa walikuja wote, bibi wazee wa kichochoro mbele, kila mmoja na leso yake. Nilikaa kwenye kitanda cha chumba cha mbele. Habari ikapanda kutoka msikitini kwamba nikahi imesomwa, na nikangoja vigelegele. Hapakuwa na aliyepiga. Wale wazee walikuwa wanatazama ngazi.

Mama aliingia kama mgeni, buibui imemfunika mpaka machoni. Akampa mama mdogo mkono kama anavyopewa mwenye nyumba, akakaa karibu na mlango. Baada ya muda akainuka, nikadhani anaondoka.

Alikuja kitandani, akashika pembe ya shuka.

"Kitanda hiki nani aliyekitandika?"

Mama mdogo akasema ni yeye.

"Hakikutandikwa."

Akavua buibui, akaitundika kwenye komeo la dirisha, pale lilipokuwa bakuli la hina. Akaniambia niinuke. Alivuta shuka, akaweka mto sawa, akapitisha kiganja juu ya godoro polepole, akizunguka mahali fulani, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

"Haya, mwanangu," akasema. "Kaa."

Alikuwa anautazama mto, si mimi. Nilingoja kidogo, kama anayempisha dada yake, kisha nikakaa ukingoni, nikaacha nafasi. Ndipo bibi wa nyumba inayotazamana na yetu akapiga kigelegele, na wengine wakapokea.