Lita Moja ya Mwanamkasi

Kabla ya maradhi, Mwanamkasi alisuka ukili wa mikeka huku akipiga soga, na mtaa mzima wa Nguvumali ulimjua kwa kicheko chake. Sasa hata kujifunga kanga kulimwacha akihema. Mwaka mzima alitibiwa pumu bila nafuu, mpaka daktari mmoja alipomwonyesha picha ya mapafu yake.

"Vishipa vinavyotoa damu mapafuni vimekakamaa na kuziba. Damu inaingia, kutoka inashindwa, maji yanavujia humo. Ni ugonjwa adimu. Usinywe zaidi ya lita moja kwa siku, uji na chai humo humo."

Mwanamkasi aliona mistari myeupe tu, kama ukili uliofumuka. Maji kifuani, na koo limemkauka! Hakuelewa.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Bi Zuwena, ametoka kwa mwalimu wa madrasa na kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji. Chupa saba za lita nzima, ya kumalizwa moja kila siku.

"Mama, daktari kakataza maji mengi."

"Kombe si maji, mwanangu, ni dua. Au daktari wako anapima hata dua?"

Mumewe, Sabiri, alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akajikohoza.

Mwanamkasi akanywa, juu ya uji na chai yake. Siku ya tatu miguu ikavimba, akawa analala ameketi.

"Dawa imekutana na maradhi, yanapigana," Bi Zuwena alisema.

Huenda, aliwaza Mwanamkasi. Au ni chupa? Kukataa aya aliogopa, kunywa aliogopa. Siku ya tano alishindwa kumaliza sentensi, akaisogeza chupa mbali.

"Mama... muulize mwalimu."

Bi Zuwena alinuna, lakini alipiga simu.

"Ala! Uliniambia kifua," sauti ya mwalimu ilisikika. "Hukuniambia kakatazwa maji! Mpe funda moja, baraka haipimwi kwa chupa. Kombe linalobaki limwage pasipokanyagwa."

Bi Zuwena alimpa funda, kombe lililobaki akalimwaga shinani mwa mwasumini, taratibu, bila kumtazama mtu.

Baada ya siku mbili miguu ilianza kunywea. Pumzi haikurudi yote.

"Ni funda hilo," alisema Bi Zuwena.

"Ni maji yaliyopungua, mama," alisema Sabiri.

Wakamgeukia yeye. Mwanamkasi akawaomba wamfungulie dirisha.