Pumzi Baada ya Mstari wa Tatu

Katika vijiji vya kule juu Kilolo, mtu akifariki, watu wakishapeana pole huulizana kama Zabron yupo. Zabron si mchungaji, wala si mwenye turubai na viti vya kukodisha. Ni mpiga tarumbeta, kiongozi wa kikundi cha tarumbeta cha usharika wa Kilutheri, na kwa miaka mingi ilijulikana kwamba msiba aliopiga yeye watu walilia wakatosheka. Kuna misiba mingine, tusidanganyane, ambayo jeneza linatolewa huku watu wakiulizana bei ya viazi. Lakini si ya Zabron.

Mwenyewe aliliamini jambo hilo, na hakuwa na sababu ya kutoliamini. Alikuwa amewachunguza watu kwa muda mrefu kama fundi anavyochunguza mbao. Aliwafundisha wenzake kwamba jeneza likianza kupanda kilima cha makaburi, wabebaji hawatembei kwa miguu yao, wanatembea kwa miguu ya besi, lile tarumbeta la sauti nzito. Besi likilegea, wanaanza kuombana kupokezana. Likichangamka kidogo tu, wanafika juu hawajahema. Wakati wa kufukia alipiga kwa mwendo wa chepe, na vijana waliokuwa wakinyang'anyana machepe walidhani ni nguvu zao wenyewe. Watu wakishaingia ndani ya wimbo, alikuwa akimwambia msaidizi wake Yotamu, wanakuwa mtu mmoja, na mtu mmoja hana ubishi.

Kubwa kuliko yote ilikuwa pumzi. Wimbo wa kutoa mwili ndani aliupiga polepole kuliko unavyoimbwa kanisani, na baada ya mstari wa tatu aliteremsha tarumbeta kidogo, kikundi kizima kikanyamaza kwa muda wa pumzi moja. Ndani ya kimya hicho kilio kilianza. Mama mmoja alipasua upande wa wanawake, wakafuata watatu, wakafuata wote, na wanaume wakaanza kuvua kofia na kuzishika usoni. Hapo Zabron aliingia na mstari wa nne juu ya kilio kile, na hata waliokuja kwa ajili ya wali wakajikuta wanafuta machozi. Pumzi ile aliibuni mwenyewe, na moyoni aliiona kuwa mali yake kama shamba.

Yeye mwenyewe hakulia. Mpiga tarumbeta akilia, midomo inalegea, na midomo ikilegea kinachotoka ni upepo mtupu. Jambo hilo alilijua siku ya kumzika baba yake, alipojikaza mpaka shingo ikamuuma, akapiga wimbo wote bila kukosea, watu wakamsifu. Misiba iliyofuata hakuhitaji kujikaza sana. Ikaja ile miaka ambayo vijana walizikwa mfululizo, wiki kwa wiki, na mwishowe hakukuwa na kitu cha kukikaza. Tatizo ni kwamba ganzi haikukaa kwenye midomo peke yake. Mwanawe wa pekee, Anania, alipooa kule Mbeya, Zabron alikaa meza ya mbele akihesabu makosa ya kwaya. Mjukuu wa kwanza alipozaliwa alisema Mungu ni mwema, akachukua jembe lake akaenda shambani. Mkewe, Yusta, alimtazama alivyokuwa akiondoka. Jioni akamuuliza, bila ugomvi, kama kweli kuna kitu anachokisikia siku hizi. Zabron alimjibu kwamba anasikia baridi.

Yusta hakukosa msiba hata mmoja aliopiga mumewe. Mvua, ukungu, matope ya kufika kwenye magoti, yeye alijifunga kitenge chake cha msibani na kufuata nyuma ya tarumbeta pamoja na jirani yake Verediana, Mkatoliki aliyekuwa hana shida kuzika Walutheri. Zabron alimtania kwamba anapenda misiba kama wengine wanavyopenda harusi. Yusta alicheka tu. Usiku wa siku kama hizo walikula kimya, na Zabron alilala akiwa ametulia, kwa sababu alijua nyumba yao angalau ina mtu mmoja mwenye machozi. Yusta analia kwa niaba ya wote wawili, ndivyo alivyojiambia, na akaona mambo yamekaa sawa.

Yusta akafa. Presha ilimkamata akiwa jikoni, hospitali wakafanya walichoweza, na siku iliyofuata mwili ulikuwa umeshalala chumbani kwake mwenyewe. Anania aliondoka Mbeya saa ile ile aliyopigiwa simu. Aliingia uani na begi moja, akamkumbatia baba yake na kungoja. Zabron alimpigapiga mgongoni na kumuuliza kama njiani pale Igawa barabara bado inatengenezwa.

Wazee wa kanisa walimwambia akae. Ndiyo desturi, mfiwa hashiki kazi, anakaa alipoketishwa na kupewa pole. Yotamu angeongoza kikundi. Zabron akakubali, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, watu wakapita mbele yake wakimshika mkono. Aliwaitikia wote. Kifuani alijipapasa, kwa namna ya kusema, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, na hakukuta kitu. Hakuwa na uchungu. Hakuwa hata na woga wa kukosa uchungu. Jambo moja tu lilimkaa kichwani na halikutoka. Mwanamke huyu amewalilia watu wa kata nzima, na mumewe hana chozi la kumpa, basi ni lazima watu wamlilie. Kama uwanja huu hautalia, Yusta atakuwa amezikwa na mtu asiyemjua.

Ibada ikaendelea, wasifu ukasomwa, mchungaji akatoa ishara. Yotamu akaanza wimbo wa kutoa mwili. Alikuwa na tabia ya kukimbia kidogo, kuuharakisha wimbo, lakini siku hiyo alijitahidi, na mtu asiye Zabron asingeona kasoro. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Pumzi. Jeneza likatokeza mlangoni, na uwanja ukanyamaza. Watu walikuwa wengi kuliko msiba wowote wa mwaka ule, wote wakiwa na huzuni zao usoni, wote wamesimama kama waliopanga foleni ya mbolea ya ruzuku. Mstari wa nne ukaingia mkavu. Mtu akakohoa. Mzee mmoja akatazama simu yake.

Zabron akasema moyoni, Yotamu amekimbia. Ndilo lililomwinua. Alitembea mpaka kwenye kikundi, na kabla mzee yeyote hajamshika mkono akawa amelichukua tarumbeta mikononi mwa Yotamu. Minong'ono ikapita, mfiwa anashika kazi. Mchungaji akatazama chini, akamwacha. Wabebaji wakasimama na jeneza hapo hapo barazani, na Zabron akauanza wimbo upya.

Alipiga vizuri. Tuseme ukweli, alipiga vizuri kuliko siku zote, sauti ya kumtoa nyoka pangoni, kila noti imekaa mahali pake, polepole mpaka wapiga besi wakaanza kuishiwa. Mstari wa tatu ukaisha. Akateremsha tarumbeta, na kwa mazoea macho yake yakaenda upande wa wanawake, kushoto, karibu na mlango. Hapo palikuwa na pipa la maji ya mvua na nafasi ya mtu mmoja.

Kimya kikakaa. Wanawake walikuwa wametazama chini, wengine wameshika khanga tayari mdomoni. Hakuna aliyelia. Pumzi ikawa pumzi tu.

Zabron hakuingia na mstari wa nne. Alisimama akilitazama lile pipa. Kila msiba, kwenye kila ua, Yusta alijitafutia mahali ambapo mumewe angemwona bila kugeuza shingo, pengine kando ya mlango, pengine kwenye kona ya jiko, na Zabron alimwona kila mara na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Sauti ile ya kwanza ya kilio, iliyoanzia juu na kushuka taratibu, aliisikia miaka yote kama sehemu ya wimbo. Hakuwahi kufikiri kwamba ni ya mtu.

Verediana alikuwa ameshatoka kwa wenzake. Alisimama karibu naye, akasema kwa sauti ya chini.

"Baba Anania, si ndo yeye alikuwa anaanzisha. Kwani ulikuwa hujui?"

"Basi anzisha wewe."

"Mi siwezi. Mi naitikiaga tu. Sisi wote tulikuwa tunaitikia."

Zabron akatazama uwanja. Aliwajua watu hawa, kila mmoja amejaa hadi shingoni, kila mmoja anamngoja mwenzake. Ingeweza kuendelea hivyo mpaka kaburini na kurudi. Wangekula, wangeaga, na usiku kila mtu angelala na kilio chake ndani na kujilaumu kwamba hakumpenda Yusta vya kutosha. Anania alikuwa kwenye mpini wa mbele wa jeneza, taya limekaza, anamtazama baba yake. Taya lile Zabron alilifahamu. Alilibeba mwenyewe siku ya kumzika baba yake.

Akaliinua tarumbeta, akarudia mstari wa tatu peke yake. Mwisho wa mstari akateremsha, akafungua kinywa, akatoa sauti ya Yusta.

Aliitoa kama mwanamuziki anavyotoa noti aliyoisikia mara nyingi. Akaianzia pale pale juu, ambapo mwanaume wa umri wake hana kazi, akaishusha taratibu kama Yusta alivyokuwa akiishusha, bila neno lolote ndani yake. Hakuwa na chozi. Alijisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Kwa kitambo kidogo watu walimkodolea macho, na mtu angeweza kucheka, na kama angecheka mmoja labda wote wangecheka, maana uwanja ni uwanja. Verediana akaitikia. Wakaitikia wengine wawili kwenye jiko, kisha upande mzima wa wanawake, kisha Anania akaachia mpini, wakamdaka yeye na jeneza kwa pamoja. Wazee waliokuwa wakinong'ona kuhusu desturi walikuwa wameficha nyuso kwenye kofia. Zabron akarudisha tarumbeta mdomoni, akaingia na mstari wa nne, na midomo yake ilikuwa imara kabisa.

Walimzika Yusta vizuri. Kilimani wabebaji hawakupokezana hata mara moja. Kaburi lilifukiwa kwa mwendo wa chepe, na watu walilia mpaka ukungu uliposhuka kutoka upande wa misonobari na kuwakumbusha kwamba ni baridi.

Nyumbani watu walipokuwa wakila, Verediana alimletea Zabron sahani na kukaa kando yake. Zabron hakula. Alimuuliza, akitazama mbele, kama Yusta alikuwa akilia kwelikweli siku zile zote. Verediana alisema zamani ndiyo, tena kwa uchungu, miaka ile ya mwanzo. Zabron akaendelea kumngoja.

"Baadaye akawa ananiambia macho yamekauka," Verediana akasema. "Hasikii kitu. Harusi hasikii, msiba hasikii. Nikamwambia basi kaa nyumbani, upumzike. Akasema, mume wangu atapuliza peke yake mpaka lini, acha niende nikamsaidie."

Zabron alitikisa kichwa polepole, kama anayekubaliana na bei. Waliishi watu wawili wakavu nyumba moja, wakala meza moja, yeye akilala vizuri kwa kuamini mwenzake ana machozi ya kutosha wote wawili. Naye Yusta alijua. Lile swali la jioni ile, kama kuna kitu anachokisikia, halikuwa lawama. Alikuwa akiuliza kama kuna mwenzake, na yeye akamjibu habari za baridi. Zabron alitamani kumwambia kwamba leo ameifanya ile kazi, kwamba ameona ilivyo kufungua kinywa wakati ndani hamna kitu, na watu wakapona. Mtu pekee ambaye angemwelewa walikuwa wametoka kumfukia.

Mchungaji alikuwa ameshasimama. Ilibaki sala ya kufunga na wimbo wa kuwaaga watu, wimbo mwepesi ambao mtoto wa kipaimara anaupiga. Kikundi kikajipanga, Yotamu akamkabidhi tarumbeta kwa heshima, na watu wakanyamaza kumsikiliza. Zabron akaliweka mdomoni, akavuta pumzi, akapuliza.

Ukatoka upepo. Akakaza midomo, akapuliza tena, ukatoka upepo. Mdomo wa chini ulikuwa ukicheza wenyewe na hakuweza kuuzuia, naye akabaki ameinamia lile tarumbeta, watu wote wakimtazama. Kisha akalinyoosha kwa Yotamu bila kuinua uso.

"Piga wewe," akasema. "Mdomo umekataa."

Yotamu akalipokea. Akaupiga ule wimbo akikimbia kidogo, kama kawaida yake, na watu wakaanza kuinuka na kuvikusanya viti.