Mtutu wa Kushoto

Kinyozi huyu ni rafiki yangu, na mtaa mzima unamjua kwa mambo mawili: wembe wake haujamtoa mtu damu, na bunduki yake haijawahi kulala na risasi. Hilo la pili alikuwa akilisema mwenyewe, tena bila kuulizwa. Siku za mapumziko alifunga kibanda akaenda kuwinda kanga na kuvua kambare, mara nyingi pamoja nami, mpigaji bora kuliko yeye. Akibisha, muulizeni kwa nini amenuna.

Uzee ukamshika mikono. Ilipoanza kutetemeka aliweka wembe chini, akakubali kumuuzia mpwa wangu, fundi wa mafriji, vifaa vyake vyote vya zamani vya kuwinda na kuvua. Kijana alivimezea mate tangu utotoni, na kibali cha silaha alishakipata. Nilimsindikiza, maana akienda peke yake angeweza kuuziwa mwavuli akaambiwa ni bunduki.

Sebuleni mke wa kinyozi alikuwa dirishani anashona kwa cherehani. Bunduki ilitundikwa ukutani, mdomo umeelekea hukohuko alikoketi. Kinyozi alianza na vya uvuvi: ufito wa mwanzi wa vipande vitatu, kigurudumu cha shaba cha kuzungushia mshipi, ndoana zilizochomekwa kwenye kizibo. Kisha akaitungua bunduki, ya mitutu miwili, akampa kijana.

Mpwa wangu akaipakata, akasukuma kitasa cha kuikunjua ili aone ndani kama ina risasi. Kikagoma.

"Kutu tu hiyo," kinyozi akasema. "Kazana, mwanangu."

Kijana akauma meno, na mdomo wa bunduki ukawa unayumba kuelekea kwenye cherehani. Mimi shule niliishia darasa la sita, na hilo la sita nililichungulia tu dirishani, lakini mkono wa kijana niliudaka. Nikachukua kipande chembamba cha ufito, nikakitumbukiza mitutuni nikiwa nimesimama ubavuni, uso nimeuweka mbali. Mtutu wa kulia kilizama mpaka mwisho. Wa kushoto kiligota mapema, kikabaki kimechomoza urefu wa kidole kizima.

Kinyozi aliona: mtutu ule ulikuwa na risasi.

"Mama watoto, inuka taratibu uende jikoni."

"Namalizia upindo."

"Upindo utangoja."

Mama yule alimtazama mumewe, kisha akatazama mapajani kwa kijana. Akainuka bila kugusa chochote. Akavuka mlango.

Tuliitoa uani kama tumebeba mtoto mgonjwa, tukaielekeza kwenye lundo la mchanga. Kinyozi alitaka kutia mafuta ya cherehani kwenye bawaba kwa mkono wake. Mafuta yakamwagikia kiatuni. Akautia mkono mfukoni, akampa kijana kopo. Tukangoja mafuta yanywee. Kijana akasukuma kitasa polepole, jasho likimdondoka puani. Kikasogea, kikakwama, kikasogea tena, na bunduki ikakunjuka. Risasi ilikuwa imevimba kwa unyevu, kitako kimeota kutu ya kijani. Aliivuta kwa koleo.

Mke wa kinyozi alikuwa amesimama mlango wa jikoni.

"Ya lini?" akauliza.

Kinyozi akanionyesha kwa kidevu. "Siku huyu alipovunjika mguu. Nilimbeba mgongoni, nikafika nikaitundika hivyohivyo."

Mguu ule nimeutambia miaka yote, kwamba nilirudi nao mwenyewe nikichechemea. Safari hii sikubisha.

"Miaka yote naifuta vumbi," mama akasema. "Chukua, mwanangu. Na ufito, na kila kitu. Ipite mlangoni ikiwa wazi hivyohivyo."

Tulipakia vitu kwenye gari twende kituo cha polisi kuandikishana. Kinyozi hakutoka kutuaga. Kupitia dirishani nilimwona amelipa dirisha mgongo, amesimama nyuma ya mkewe, mikono yote miwili imeshikilia mgongo wa kiti, na mama ameshaanza tena kushona.

"Sogea," nikamsikia mama akimwambia. "Unanikingia mwanga."

Hakusogea.