Mwaka Vijana Walipopanda Bei

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa kidato cha nne walienda Nairobi, wengine Nakuru, mmoja akafika mpaka Qatar. Mimi nilifika Ogembo, nikaona kuna watu wengi, nikarudi.

Sababu yangu rasmi ya kukaa huku milimani ni chai ya mama. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, namwambia nasimamia chai. Kusimamia ni neno zuri. Maana yake vijana wanachuma, mimi nasimama.

Halafu msimu wa siasa ukaanza na vijana wakapotea. Asubuhi moja nilimkuta barabarani yule anayetuchumia siku zote, kofia mpya ya kampeni kichwani, anangoja kubebwa.

"Kuja basi," nikamwambia. "Majani yanakomaa."

"Bosi, leo tuko na mheshimiwa, mkutano kule Nyamache."

"Na kesho?"

"Kesho kuna yule mwingine anayempinga."

"Sasa wewe uko upande gani?"

"Mimi niko upande unaolipa. Na kule hakuna kupimwa kilo, bosi. Unapiga kelele tu, hata ukipiga ya chini chini hakuna wa kujua."

Nusu siku ya kelele ilikuwa inalipa kuliko siku nzima ya kuinama kwenye chai yetu, tena na chakula juu. Zamani nilikuwa nafikiri wanasiasa wananunua kura. Msimu ule niliona kwamba kura huja baadaye. Kwanza wananunua mikono, na sisi wenye vishamba vidogo hatuwezi kushindana nao kwa bei. Mbolea ilikuwa imepanda, majani yalikuwa yameshuka, na sasa hata binadamu amepanda.

Mama aliliona hilo kabla yangu. Mama ni mjane, shemasi wa kanisa la Sabato, na hapendi kurudia neno. Jumatano jioni aliniita jikoni.

"Yule mtu wa nguzo amekuja tena," akasema. Huyo ni mfanyabiashara wa mjini anayetafuta mashamba ya kupanda mikaratusi, aje kukata nguzo za stima baadaye. "Anataka tung'oe chai yote."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Mikaratusi haichumwi, momura, mwanangu. Inakua mtu akiwa amelala." Akaniangalia kidogo aliposema kulala. "Wewe utaenda kwa kaka yako Nairobi, akutafutie kitu."

Kaka yangu wa Nairobi hututumia maoni kila wiki. Pesa hutuma kukiwa na maziko. Anakaa chumba kimoja na watoto watatu, na pale mahali pa kunilaza, bila shaka, ni mlangoni. Usingizi ulinikataa. Kulipokucha nikamwomba mama siku mbili: nikifikisha majani ya shamba lote kwenye kituo cha chai Ijumaa, bila kulipa mtu, je, chai itabaki?

"Ukifikisha, tutaongea," akasema.

Mama zetu walikuwa na risaga: leo wote kwako, kesho wote kwangu, malipo ni ugali na hadithi. Siku hizi risaga imebaki ya wazee tu, kwa sababu kijana ukimwambia njoo kwangu nami nitakuja kwako, anauliza utakuja na shilingi ngapi. Nikaenda kwa akina mama watatu wa kanisani. Walicheka mpaka mmoja akaketi.

"Na ukija kwangu, utachuma ama utasimamia?"

"Nitachuma."

"Onyesha mikono." Nikaonyesha. "Hii ni mikono ya karani," akawaambia wenzake, lakini wakakubali.

Ijumaa tuliingia shambani umande haujakauka, mimi, wao na mama. Kila nikitupa konzi ya majani kwenye kikapu, yule mama wa mikono alichungulia, akatoa jani nene na kulitupa. "Hili ni la mbuzi." Kidole gumba kilikuwa cheusi na mgongo ulikuwa unaongea peke yake, lakini kufikia alasiri shamba lote lilikuwa limechumwa. Tukabeba magunia hadi kituo cha kununulia chai. Nilitembea mbele nikiwa na furaha ya kijinga, kama mtu aliyechuma yote peke yake.

Lori la kiwanda halikuwepo. Mizani ya kituo ilikuwa imeharibika wiki hiyo, kwa hivyo majani yalikuwa yanapimwa kwa mizani ya lori. Karani wa kituo akapiga simu, akasikiliza, akatikisa kichwa. Msafara wa mheshimiwa ulikuwa umefunga barabara. Lori limekaa nyuma yake, linasikiliza hotuba.

Kwetu jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia, na kupima majani ni biashara. Kila mtu anajua hilo na kila mtu ana mpango wake. Mpango wa kilima kizima ni jirani yetu mmoja Mkatoliki. Lori likichelewa, yeye hubaki na magunia ya Wasabato wote, huyapima na kuyapakia, na Jumapili tukimpelekea ndizi huwa hatuulizi ni za nini.

"Yuko wapi?" mama akauliza.

"Ameenda mkutano," karani akasema. "Alipewa kofia."

Wakulima wote waliokuwa wakingoja pale wakaanza kuangalia mlima, halafu magunia, halafu mlima tena. Majani yakikaa kwenye gunia mpaka Jumapili yanapata joto, yanageuka mekundu, na karani hawezi kuyapokea. Jua likagusa juu ya miti. Mama akafunga kitambaa chake.

"Twende."

"Na majani?"

"Jua linazama," akasema, akaenda zake bila kugeuka.

Wakaondoka wote. Hakuna aliyeniomba chochote, maana kumwomba mtu afanye kazi Sabato ni kufanya kazi vilevile. Lakini mama mmoja alisukuma gunia lake kwa mguu mpaka likagusa kiatu changu. Mwingine akasukuma lake. Nilipoangalia chini nilikuwa nimezungukwa.

Ningependa kusema niliomba kwanza. Ukweli ni kwamba niliwaza ule mlango wa Nairobi, nikabaki.

"Wewe si Msabato?" karani akaniuliza lori lilipofika, kiza kimeshaingia.

"Leo nasimamia," nikamwambia, nikainua gunia la kwanza.

Nyumbani nilikuta chakula kimefunikwa na mama anaimba chumbani. Hakuuliza, nami nikalala bila kujua kama bado nina kwetu.

Sijawahi kuona Sabato ndefu vile. Kanisani niliketi nyuma kabisa. Wenye magunia walinisalimia, na mmoja alinishika mkono muda mrefu kidogo kuliko kawaida, halafu akaangalia pembeni. Mchana nilitembea mpaka kwenye ua, nikarudi, nikaenda tena.

"Mama, ile ya jana..."

"Leo hatuongei biashara."

Nikaketi. Nikasimama. Mama alikuwa anasoma Biblia, lakini ukurasa haukuwa unageuka. Jua lilipozama hatimaye, alifunga Sabato kwa sala ndefu, na kabla sijafungua macho vizuri akauliza, "Yalipokelewa yote?"

"Yote. Hata ya wengine."

"Nimefikiria siku nzima."

"Leo si siku ya kufikiria biashara, mama."

"Kufikiria si kuongea." Akavuta kigoda. "Mtu wa nguzo nitamwambia angoje. Kura ikipita, hao vijana watashuka bei. Watakuja hapa mlangoni wakiuliza kama kuna kazi. Tutaamua hapo."

"Na kabla kura haijapita, nani atachuma?"

"Wewe. Wewe hakuna mtu amekuja kukununua."

Jumatatu nilikuwa kwenye shamba la yule mama wa mikono, nalipa risaga. Gari la kampeni lenye vipaza sauti likapita barabarani likituahidi bei nzuri ya chai, muziki juu. Yeye hakuinua kichwa. Mimi niliinua, nikijaribu kujua ni mheshimiwa wa upande gani.

"Anachuma kwa masikio, huyu," akasema, na wenzake wakacheka. Nikainama.