Sauti Iliyonifundisha Kushika Pumzi

Mkinikuta nimekosea herufi, au mkashindwa kusoma mwandiko wangu, mnisamehe. Niliishia shule ya msingi na mkono wangu ni mzito.

Kwetu ni Gesima, tunachuma majani chai. Kila Sabato, katika darasa la kanisani, kila kijana husoma aya yake kwa sauti. Zamu yangu ilipokaribia koo lilikuwa linajifunga, nami nikitoka nje kama mtu aliyebanwa na haja. Mama alikuwa anaona, na aibu ilimwingia.

Dada yangu, binti wa mama mkubwa, ambaye anafanya kazi ofisini na kukaa mjini, Nyanchwa, ndiye aliyeniwekea kwenye simu ile sauti iliyorekodiwa ya mazoezi ya kupumua.

"Ifuate tu," aliniambia. "Itakutuliza."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, Kiswahili chake laini mno. Vuta pumzi polepole. Ishike. Sasa iachie. Sikumwamini. Mtu asiyenijua anibembeleze hivyo, anataka nini? Nilikuwa nangoja aniombe namba ya siri ya simu. Hakuomba, na hilo likanitia shaka zaidi. Tena akishasema "ishike", alikuwa ananyamaza kabisa, kana kwamba ameinama kunitazama.

Lakini mwili ulikuwa unalegea kweli, kwa hiyo niliendelea kwa siri, nikilala chali katikati ya michai ambapo mtu wa njiani hanioni.

Ijumaa moja jirani yetu alipita humo akitafuta kuni. Akanikuta nimefumba macho, mikono kifuani, sipumui. Hakuniita wala hakunigusa. Alipiga nduru, na kwetu nduru ikipigwa hakuna anayebaki nyumbani. Nilipofumbua macho nilikuwa nimezungukwa na watu, wengine wameshika mapanga, na mama analia amejifunga leso kiunoni.

"Maiti gani hii ina waya masikioni?" mzee mmoja akauliza.

"Nimeacha ugali motoni!" mwingine akafoka. "Kijana, ukitaka kufa, tuambie mapema tupike kwanza!"

Walicheka. Mama hakucheka. Alichukua simu, akasikiliza kidogo, akaniangalia.

"Huyu anakwambia uache kupumua, nawe unaacha?"

"Ni kidogo tu, mama."

"Leo kidogo. Kesho je?"

Simu akaifungia kwenye sanduku lake.

Kesho yake ilikuwa Sabato. Zamu yangu ilipofika, koo likaanza kujifunga. Nilisimama, nikavuta pumzi, nikaishika. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliweka mkono mdomoni. Nikaiachia, nikasoma aya yangu hadi mwisho.

Njiani kurudi nyumbani mama alitembea mbele. Tulipofika langoni akageuka.

"Umesoma vizuri, baba. Lakini ni nani alikuwa anasoma?"

Kule darasani simu haikuwepo, lakini ile sauti niliisikia vizuri kabisa ikiniambia niiachie. Labda ni kumbukumbu tu. Mama anasema nichague: niache, au nimletee mtu aliyefanya mazoezi haya miaka mingi na bado ni yule yule wa zamani.

Kama uko, niandikie, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nitamsomea mama barua yako kwa sauti.