Nyuma ya Zimwi

Siku ya kwanza kazini niliingia kwa mlango wa nyuma, nikainama chini ya tumbo la zimwi. Fundi Makame, Mpemba wa Kilburn aliyenitafutia kazi ile, alikuwa amelala chali akikaza mipira ya kupitishia mafuta.

"Umemuogopa?"

"Naona mkia tu, fundi."

"Basi huo ndio ulaji wako. Uso ni wa wenye tiketi."

Lilikuwa zimwi la mashine, kama la sinema, kwenye uwanja wa burudani hapa London, watu wakilipa ili watishwe. Kibehewa cha abiria kilipita gizani, kikifika kwenye taa nyekundu kinasimama kidogo. Hapo mie navuta mkono wa chuma, mafuta yanasukuma shingo, zimwi linachomoza. Makame alinikataza kuvuta pale pale. "Wangoje wacheke, bwana mdogo. Wakishajitia ushujaa, ndio umtoe." Sikuwaona abiria. Nilisikiliza vicheko tu.

Baadaye Meneja alileta kompyuta, zimwi likawa linatoka lenyewe. Mie nikabaki kupaka grisi. Simlaumu. Kompyuta haikusinzia, na mie mwezi wa Ramadhani nilikuwa nasinzia. Ila haikungoja kicheko. Au labda najipendelea, sijui.

Makame alikuwa keshafariki ilipokuja habari ya skrini: zimwi litakuwa picha, viti vitatikisika, na lile la chuma litakatwa. Meneja akaniuliza kama nataka ukumbusho, jino labda.

"Nataka kupanda kibehewa," nikamwambia. Mchana taa zikiwaka niliujua ule uso, mpira umechanika shavuni. Wa gizani sikuwahi kuuona, na kesho yake wakataji wanakuja.

"Nani atavuta?"

"Wewe. Kompyuta imeshang'olewa."

Nikarudishia mipira kwenye ule mkono wa zamani, nikamfundisha kama nilivyofundishwa.

Nikakaa peke yangu. Kibehewa kikafika kwenye taa nyekundu, kikasimama. Kimya. Nikadhani mpira umepasuka, ndio basi tena. Kisha nikaelewa: Meneja yuko nyuma, anangoja nicheke. Na mie namuwaza Makame tu.

Nikajilazimisha. Kicheko kikatoka kibovu, kama kikohozi.

Likaja.

Sasa nimestaafu, nakaa Wembley. La skrini nimepanda na mjukuu wangu, na kusema haki ni zuri, picha yake safi kuliko mpira wetu. Juzi aliniuliza kwa Kiingereza chake kama lile la zamani lilinitisha.

"Sana," nikamjibu. "Kabla halijatoka."